Tangi la Kuni, na Neno Nililomnyima Fundi Shee

Nimeacha kazi mwezi uliopita kwa sababu magoti yaliacha kabla yangu. Nafula, aliyeshika mahali pangu, amesema nisimwachie ufunguo wa stoo tu, nimwachie na maneno. Basi haya ndiyo maneno, yake na ya wenzake wote watakaokuja kufanya kazi pale. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo anayetafuta nukta na mkato aende kwa mwalimu. Anayetaka kujua tangi la kuni linalishwaje, linasafishwaje na linawezaje kuua mtu, akae nami. Sitasema nilianza kwa mshahara gani wala nilipandishwa lini. Mtunza tangi hapandishwi popote ila juu ya dari.

Na humu ndani kuna habari ya Fundi Shee, mpakaji wa chokaa, ambayo watu wa mtaa wetu wa Mkomani wameisema vibaya kwa miaka kumi na miwili, na waliisema vibaya kwa sababu yangu mimi. Nitaifikia. Siiruki. Lakini ili muielewe, lazima kwanza mlijue tangi.

Nyumba yenyewe mnaijua, ile ya wageni ya Bwana Abudi, ya mawe, ghorofa mbili, imejengwa na wazee wake. Wageni wetu si watalii. Watalii wanakwenda kwenye nyumba zenye bwawa la kuogelea. Wetu ni walimu waliopewa uhamisho, maofisa waliokuja semina, polisi na wake zao wanaosubiri nyumba za serikali, wachuuzi wa kutoka bara. Na mtu wa bara, msinibishie, nimemwona kwa macho yangu: jua limemchoma mpaka pua inabanduka, jasho linamchuruzika, na alfajiri yuko mlangoni na taulo begani anauliza, "Mama, maji ya moto iko?" Mwanzoni nilidhani ni wagonjwa. Kwetu Amu, yaani Lamu, maji ya moto ni ya chai, ya mzazi aliyejifungua na ya maiti. Nikaja kuzoea. Sasa hata mimi nayaoga, lakini msimwambie mtu.

Aliyejenga tangi la kwanza ni Fundi Odhiambo, Mjaluo wa Kisumu, mrefu mpaka alikuwa akiinama milango yote ya Mkomani na bado anagonga kichwa. Alikuwa ametengeneza mabomba ya shule za bweni huko bara kabla ya kuletwa kwetu. Alichomelea pipa la chuma nene, akalisimamisha uani juu ya jiko la matofali, akapitisha dohani katikati ya pipa mpaka juu, ili moshi ukipanda uyapashe maji moto kabla ya kutoka nje. Maji baridi yanaingia chini kutoka tangi la juu ya dari, ndilo paa letu bapa. Maji moto yanatokea juu kwenda vyumbani. Kazi safi. Bwana Abudi alizunguka pipa lile mara tatu kama anayenunua punda.

Siku yangu ya kwanza sikuja kwa ajili ya tangi. Nilikuja kufua mashuka. Aliyekuwa ameahidiwa kazi ya moto aliuona moshi, akaaga. Bwana Abudi akasimama uani akasema, "Nani humu anajua kuni?"

Nikasema, "Mimi nimepikia harusi tangu sina meno ya nyuma. Kuni ndizo zinazonijua mimi."

Majivuno, lakini ya kweli. Nikapewa jiko. Nikaenda pembeni, nikaona mbao za mashua kuukuu zimerundikwa, kavu kama karatasi, nikasema hizi ndizo. Nikazitia. Moto ukatoka rangi ya kijani na buluu, mzuri sana, nikajisifu moyoni. Odhiambo alikuwa ndani anafunga mfereji. Akanusa. Akatoka mbio akagonga kichwa mlangoni, akaja amejishika paji la uso.

"Mama, umetia nini?"

"Kuni."

"Hizi si kuni. Hizi ni chumvi na rangi na misumari. Unataka kula chuma changu? Tangi hili litatoboka kabla mtoto wako hajaota ndevu."

"Mwanangu ni msichana."

Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Tokea siku hiyo tulielewana. Lakini mbao za baharini sikuzitia tena, na wewe Nafula usizitie, hata ukiletewa bure. Hasa ukiletewa bure. Tia mvinje uliokauka, tia mwarobaini, na kuwashia tumia vifuu vya nazi, vitatu au vinne, si zaidi. Makumbi yanatoa moshi mwingi na masizi yake yananata kama kaimati iliyoungua.

Odhiambo alinifundisha kwa kunishika mkono, maana alijua mimi si mtu wa kusomewa. Alisema tangi lina adui watatu: masizi, ukoko na pumzi.

Masizi ni kazi ya kila Jumamosi. Moto uwe umezimwa tangu jana, usijitie ushujaa. Unateremsha mnyororo ndani ya dohani kutoka juu, unaupiga huku na huku, masizi yanaanguka jikoni. Halafu unapitisha brashi ya kumbi iliyofungwa kwenye kamba. Jifunge kitambaa puani, na nguo unayovaa iwe ile ambayo huna shida nayo mbele ya Mola wala mbele ya watu. Dohani yenye masizi kidole kimoja inakula kuni maradufu na maji yanabaki vuguvugu, na hapo mwalimu wa kutoka Nyeri atakuja kukulalamikia kana kwamba umemtukana mama yake.

Majivu yatoe kila asubuhi. Usiyatupe. Yanasugua masufuria.

Ukoko ni kitu cha kisima chetu. Maji ya Amu ukiyachemsha yanaacha gamba jeupe, kama ukoko wa wali chini ya sufuria, ila huu hauliki. Kila siku fungua mfereji wa chini kabisa wa tangi, utoe ndoo moja ya tope jeupe. Kila baada ya miezi mitatu, zima, toa maji yote, fungua kifuniko cha pembeni, ingiza mkono na patasi ya mbao uubandue. Usitumie ya chuma. Penye ugumu mwagia siki, iache ilale mpaka kesho. Mara ya kwanza nilitoa karai mbili za magamba. Bwana Abudi akaja akachukua moja, akaligeuza, akasema, "Na hiki ndicho tunachokunywa?" Wiki nzima alikunywa soda.

Na pumzi. Hapa fungueni masikio.

Maji yakipata moto yanavimba, yanataka nafasi. Odhiambo alikuwa ameweka kizuizi kwenye bomba la maji baridi ili maji moto yasirudi kule juu yakapoteza kuni zetu. Kwa hiyo tangi lilibaki na njia moja tu ya kupumua: bomba jembamba lililotoka kichwani mwa tangi, likapanda na ukuta, likachungulia juu ya dari, mdomo wake umepinda kidogo kama wa birika la chai. Tangi la kwanza halikuwa na vali. Lile bomba ndilo lilikuwa usalama wote. Tangi likiwa zima utalisikia linanong'ona, fff, fff, kama bibi anayesali. Odhiambo aliniambia, "Bi Zena, siku yoyote mwanamume akipanda dari hii kwa kazi yoyote, akishuka, kabla hujawasha moto, panda wewe. Tia mkono wako kwenye mdomo wa bomba. Usiulize mtu. Mkono wako."

Alikuwa na sababu. Mnajua desturi ya Mkomani. Dari zetu zinachungulia nyua za majirani, na nyua ndimo wanawake walimo vichwa wazi wakisukana. Kwa hiyo fundi akipanda anapiga kelele kwanza, "Hodi yuu! Wanaume yuu!" wanawake wa nyumba zote za karibu wajisitiri, na hakuna mwanamke anayepanda mpaka wameshuka. Desturi nzuri, siipingi. Lakini ina maana kwamba kwa siku zote ambazo mafundi wako juu, mwenye tangi hajui kinachofanyika kwenye bomba lake. Odhiambo, mtu wa Kisumu, aliliona hilo kabla yetu wenyewe.

Kwa miaka mingi nilipanda. Nilitoa kiota cha kunguru, nilitoa shati la mtu lililopeperushwa na kusi, nilitoa na kaa mmoja, Mungu ndiye anayejua alifikaje. Nikawa hodari. Maofisa wakawa wananiita "Injinia." Na mtu akishaitwa Injinia mara nyingi anaanza kuona ngazi ni za watu wadogo.

Sasa nafika.

Ilikuwa kabla ya Maulidi, na kila mwenye nyumba Mkomani anapaka chokaa, na sisi tumemwita Fundi Shee kama miaka yote. Shee alikuwa mtu mdogo wa mwili, mkimya, mkono wake ukipita ukutani unaweza kulaza yai lisijikune. Juu ya dari ukuta ulikuwa na matundu ya zamani ya boriti, na njiwa walikuwa wamejenga humo wakituchafulia birika la kuwekea maji. Nilimwambia asubuhi ile, "Yale matundu ya njiwa ziba yote, Shee." Akasema sawa. Akapanda, akapiga hodi yake, nami nikarudi chini kwenye mashuka.

Mchana nilikuwa uani napepeta mchele. Vyumba saba vimejaa, mpishi anaumwa jino. Nikasikia sauti kutoka juu:

"Bi Zena! Na hili tundu lenye bomba nalo nilizibe?"

Nilimsikia vizuri. Wala upepo haukuwepo. Sikuinua hata uso. Nikasema, "Ziba yote, Shee, usinisumbue, nina vyumba saba!"

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nimeliweka hapa kama lilivyotoka.

Alishuka jioni ile ile, akaosha mikono, akaondoka. Mimi sikupanda. Goti lilikuwa limeanza kuuma, lakini si goti. Nilijiona najua. Kulipokucha nikatia vifuu, nikatia mvinje, nikawasha.

Salma, binti wa Bwana Abudi, alikuwa amejifungua siku kumi na moja nyuma. Alilazwa chumba cha chini, ukuta mmoja na tangi, makusudi, ili maji ya kumkandia yawe karibu. Bi Fatuma mkandaji alikuwa ndani naye na mtoto. Nikachota ndoo ya kwanza, nikawapelekea, nikarudi kusukuma kuni. Nikasimama.

Tangi lilikuwa kimya.

Sijui nitawaelezaje. Umezoea mtu anakoroma pembeni yako miaka na miaka, siku moja hakoromi. Nikaweka sikio mbali kidogo. Hakuna fff. Halafu pipa likagonga, mara moja, kama mtu aliye ndani anataka kutoka. Nikaona kwenye mshono wa chini uzi wa mvuke, mwembamba kama wa sindano.

Sikufungua mfereji wowote. Hilo nalo lishikeni: tangi likiziba pumzi usifungue mfereji wa maji moto, utakaotoka ni mvuke na utakuchuna ngozi. Usimwage maji baridi juu yake. Ondoa moto, ondoa watu. Nilishika reki nikauvuta moto wote nje kwenye sakafu ya ua, kuni moja ikakwama, nikaichomoa kwa mkono huu wa kulia, alama mmeiona. Nikapiga kelele, "Tokeni chumba cha chini! Tokeni!"

Bi Fatuma akachungulia. "Una nini wewe?"

"Mtoe Salma!"

"Mzazi wa siku kumi na moja nimtoe nje kwenye upepo? Umerukwa na akili?"

"Fatuma, mtoe!"

"Tumbo litaingia upepo! Mamake ataniuliza mimi!"

Nikamsukuma. Sijawahi kumsukuma mtu mzima kabla ya hapo wala baada. Nikamnyakua mtoto kitandani na nguo zake, nikamshika Salma kwa kanga, tukatoka wote watatu, Bi Fatuma nyuma yetu anatulaani. Tulikuwa ngazini mshono ulipopasuka. Maji na mvuke vilipiga ukuta ule, ukaanguka upande wa ndani juu ya kitanda. Godoro liliiva. Silitii chumvi neno hili: liliiva, tuliligusa saa moja baadaye bado linachoma.

Yule mtoto sasa yuko gredi ya saba na ana kelele kuliko tangi.

Watu wakajaa uani. Mkono wangu uko ndani ya maji, wanawake wananipepea, "Allah akujaze kheri, Bi Zena, umetuokolea damu yetu." Bwana Abudi akapanda dari mwenyewe. Akashuka mweupe. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa chokaa na kulainishwa, kazi nzuri kuliko zote za nyumba nzima. Akaagiza Shee aitwe.

Shee alikuja na chokaa kwenye kope. Bwana Abudi akamwambia, "Umetaka kuniulia mjukuu?"

Shee akasema polepole, "Niliuliza, Bwana Abudi. Nilimuuliza Bi Zena kutoka yuu. Akaniambia ziba yote."

Bwana Abudi akanigeukia, "Bi Zena?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Neno moja. Na nilikuwa nakumbuka mpaka mchele ulikuwa wa aina gani.

Shee alinitazama. Hakugombana. Alichukua viatu vyake mlangoni akatoka. Haikufika Ijumaa Mkomani nzima inajua kwamba mkono wa Shee umeziba tangi la watu bila kuuliza. Hakuna aliyemwita tena. Mtu anayepaka kuta za msikiti na za majumba akakosa hata kibanda. Akahamia kijiji cha Mkokoni kwa watu wa mkewe. Na mimi nikawa Bi Zena Aliyeokoa. Kila mgeni mpya alionyeshwa mkono wangu kabla hajaonyeshwa kitanda.

Odhiambo alirudi kujenga tangi la pili, hili mnalotumia, lenye vali ya usalama kichwani, inayofunguka yenyewe msukumo ukizidi. Aliuliza kitu kimoja tu. "Bi Zena, ulipanda?"

"Dari ilikuwa na wanaume."

"Walishuka lini?"

"Jana yake jioni."

Akavaa miwani yake ya kuchomelea akaendelea na kazi. Aliniacha na vali na maelekezo: kila Ijumaa inua mkono wake mpaka iteme maji, uuachie. Maji yetu yanaigandisha kwa ukoko, na vali iliyoganda ni pambo. Siku isipotema, usiwashe moto, ita fundi. Bomba la kupumulia alilirudisha vilevile na sheria yake vilevile. Tokea hapo nimepanda kila mara. Sijakosa hata moja, mpaka goti linalia kama bawaba. Lakini kupanda kwangu kote hakukumrudisha Shee.

Aliyenishika ni mjukuu wangu Rukia. Huyo, niacheni nijisifu, anasomea ufundi bomba Mombasa, msichana peke yake darasa zima, na wavulana wanamnakili. Alikuja likizo akanisaidia kubandua ukoko, amelala kifudifudi mkono ndani ya tangi mpaka begani. Nikamhadithia kisa cha mkono wangu, kama ninavyowahadithia wageni. Akasema kutoka chini kule, "Bibi, lakini fundi gani anaziba bomba bila kuuliza? Sisi hilo ndilo somo la kwanza."

Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Aliuliza."

Patasi ikasimama. "Basi?"

"Nilimjibu azibe."

"Na aliyefukuzwa ni yeye?"

"Ndiye."

Akatoa mkono, mweupe mpaka kwenye kwapa. Nilidhani atanilaumu. Alijifuta, akasema, "Boti ya Mkokoni inaondoka saa ngapi?"

Tulikwenda. Bahari ilinitapisha mara mbili, ndiyo haki yangu. Tulimkuta Shee ndani ya birika jipya la maji, analipaka chokaa, kichwa tu kinaonekana.

"Bi Zena," akasema. "Umezeeka."

"Na wewe huna meno."

"Nina manne. Unataka nini?"

Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, kwamba nilikuwa nakumbuka. Akaendelea kulainisha. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Nimesikia mara ya kwanza," akasema. "Mimi nilijua unakumbuka. Mke wangu alijua. Ulikuja huku kuniambia kitu ninachokijua? Neno lile ulilisema wapi?"

"Uani kwa Bwana Abudi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi mimi siye mtu wa kuambiwa. Nenda kawaambie hao." Halafu akamtazama Rukia. "Huyu ni nani?"

"Mjukuu wangu. Fundi bomba."

"Mpe maji, amekaukiwa." Akainama ndani ya birika, mazungumzo yakaisha.

Sasa mnajua kwa nini siku ya kuniaga ilikuwa vile ilivyokuwa, maana baadhi yenu mlikuwepo mkadhani nimepatwa na jua. Bwana Abudi alikuwa amepika pilau ya watu wote, majirani wamekuja, Salma na mtoto wake, Bi Fatuma na fimbo yake, na Nafula amevaa gauni jipya. Bwana Abudi akasimama kusema yale yale: jinsi fundi mzembe alivyoziba, jinsi Bi Zena alivyotia mkono motoni. Akafika kwenye "fundi mzembe," nikasimama.

"Hakuwa mzembe. Aliuliza. Nilimjibu ziba yote, na sikupanda kutazama. Mliponiuliza nikasema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka."

Bi Fatuma ndiye wa kwanza kusema: "Na ulinisukuma!"

"Nilikusukuma, na ningekusukuma tena. Hilo silirudishi."

Salma alimvuta mwanawe karibu. Macho yake niliyaona, na nilistahili. Bwana Abudi alikaa chini. Akasema, "Miaka yote hii namkuta Shee gatini akishuka na samaki wa kuuza, nageuza uso. Na yeye ananisalimia."

"Anakusalimia?"

"Kila mara."

Akatoa simu. Nafula akamtafutia namba kwa mtu wa Mkokoni, akaiweka sauti juu, kila mtu asikie. Ikalia muda mrefu.

"Nani?"

"Ni mimi Abudi. Shee, Bi Zena amesema. Hapa uani, mbele ya watu."

Tukasikia mwiko unakwaruza ukuta.

"Amesema vipi?"

Bwana Abudi akanyoosha simu kwangu. Nikarudia yote, kutoka tundu la njiwa mpaka sikumbuki.

"Wako wangapi hapo?" akauliza Shee.

"Ua umejaa," nikasema.

"Haya." Mwiko ukaendelea. Halafu akasema, "Abudi, ukuta wako wa mbele unabanduka. Nauona kila nikipita. Anayeupaka anatia mchanga wa pwani haujaoshwa."

"Basi njoo uupake wewe," akasema Bwana Abudi.

"Nina birika mbili huku. Nikimaliza nitaangalia. Sasa niacheni, chokaa inanikaukia." Akakata.

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza, hilo ni lake, ana haki ya kukaa nalo mpaka atakapotaka. Kuna watu tangu siku ile wanapita mlangoni kwangu bila kuingia, na mkono wangu hakuna tena anayeuonyesha wageni. Sawa. Uchafu wangu nimeutoa kwa mkono wangu, na mimi kazi hiyo naijua.

Nafula, yote ya masizi na ukoko na vali umeyashika, nimekuona, huna haja ya karatasi. Haya nimekuandikia kwa ajili ya watakaokuja baada yako, ambao hawatanijua mimi wala Shee, na watasikia kisa hiki uani kutoka kwa mtu anayekisema alivyokisikia zamani. Wasomee hapa. Fundi Shee aliuliza. Bi Zena ndiye aliyejibu bila kuinua uso.